Naomba ushauri: kutenganisha "hatari" na uwezekano wa madhara kazini

Ndugu zangu, ninafanya kazi katika kiwanda cha kuchakata minofu ya sangara hapa Mwanza, na hivi karibuni wenzangu walinichagua kuwa mwakilishi wao wa usalama na afya. Ninaandaa upya rejesta ya vihatarishi, yaani orodha ya mambo yanayoweza kutudhuru kazini, lakini katika ile ya zamani kila kitu kimeitwa "hatari" tu: kisu, sakafu yenye utelezi, hata amonia, gesi ya kupozea vyumba vya baridi.

Ninavyoelewa, kisu ni chanzo cha madhara hata kikiwa kimetulia mezani, ilhali uwezekano wa mtu kujikata, pamoja na ukubwa wa jeraha lenyewe, hutegemea kasi ya kazi, ganzi ya vidole vilivyoshika samaki wa barafu tangu alfajiri, na kama glavu ya nyuzi za chuma imevaliwa.

Juma lililopita mwenzangu aliteleza kwenye mafuta ya samaki, kisu kikamponyoka na kuangukia kando ya buti lake. Kwa kuwa hakuumia, msimamizi alikataa tukio hilo liandikwe. Linaniuma sana, maana sakafu ni ileile.

Wenye uzoefu, mnatumia maneno gani, ambayo mkata minofu atayaelewa mara moja, kwa dhana hizi tatu: chanzo cha madhara, uwezekano wa madhara pamoja na ukubwa wake, na tukio la kunusurika kama hilo la mwenzangu? Na je, nitumieje Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 kumshawishi msimamizi kwamba kurekebisha mifereji ya sakafuni kutangulie, badala ya kuishia kugawa buti na glavu?