Sumaku ya spika ukiibana inaweza kutoa umeme kama kiwashio cha jiko la gesi?

FundiSpika_Ngamiani:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi wa redio na majiko ya gesi hapa Tanga. Leo nimefungua kiwashio cha jiko la mteja: springi, kinyundo na kikauri kidogo. Kinyundo kikigonga cheche inaruka, na betri hakuna! Nina ndoo nzima ya sumaku za spika mbovu, nikaibana moja kwenye jiliwa nikaweka mita. Sindano kimya. Kwa nini? Hakuna kabisa sumaku inayotoa umeme ukiibana au kuivuta?

Mwl_Pongwe:
Kaka, hapo sindano haichezi hata ukaze jiliwa mpaka kesho. Kikauri cha kiwashio ni PZT, kauri ya risasi, zirkoni na titani. Ndani yake ayoni (atomu zenye chaji) chanya zimekaa kando kidogo ya katikati, kwa hiyo upande mmoja ni chanya na wa pili hasi. Ukikigonga, mpishano huo unabadilika na chaji inajitokeza usoni. Sumaku yako ya feraiti imepangika kwa ulinganifu, ukiibana chanya na hasi hazipishani.

Usumaku na huo mpishano wa chaji, unaoitwa polarizesheni, havikai pamoja kirahisi. Mwaka 2000 Nicola Hill, siku hizi Nicola Spaldin, alieleza sababu: ayoni kama ya titani husogea kando vizuri ganda lake la d (tabaka mojawapo la elektroni) likiwa tupu, wakati usumaku mara nyingi unataka elektroni kwenye ganda hilohilo.

Ila kuna ujanja, na mimi huu naupenda sana. Chukua EuTiO3, kiwanja cha uropi, titani na oksijeni. Titani ganda lake tupu, usumaku unabebwa na uropi. Ikiachwa huru haina polarizesheni, na sumaku za atomu zake zinafutana. Mwaka 2006 Craig Fennie na Karin Rabe walipiga hesabu wakasema, ikinyooshwa vya kutosha vyote viwili vitatokea. Mwaka 2010 ikathibitishwa. Utando mwembamba sana wa nanomita 20 hivi ulioteshwa juu ya fuwele nyingine, DyScO3, ambayo atomu zake zimeachana zaidi, nao ukalazimika kutanuka kwa asilimia 1 na kidogo, umewambwa kama ngozi ya ngoma. Kauri nene ukiivuta hivyo inapasuka.

Bi_Raskazone:
Mwalimu malizia basi! Usumaku huo unaonekana kwenye kelvini 4 hivi, yaani nyuzi -269. Kwa joto la Tanga hili?

Mwl_Pongwe:
Kweli dada. Upande wa umeme ulistahimili hadi kelvini 250 hivi (nyuzi -23), usumaku ndio ulioangusha. Wanachosaka watafiti ni kumbukumbu za kompyuta zinazoandikwa kwa volti, bila mkondo mwingi wa kupoteza joto. Kwangu mimi tamu ni kwamba tabia imegeuka na viungo ni vilevile.

FundiSpika_Ngamiani:
Ahsante mwalimu. Sasa hiyo PZT ikiungua na moto wa jiko inakufa?

Mwl_Pongwe:
Inakufa. Ikipita joto lake la Curie, mara nyingi kati ya nyuzi 200 na 350 kutegemea aina, polarizesheni inafutika na haijirudii yenyewe ikipoa. Ndiyo maana inafungwa kule kwenye swichi, kinachofika kwenye moto ni waya tu. Kabla hujamuuzia mteja kiwashio kipya, kagua kwanza huo waya.