Naomba ushauri: mwezi gani nimpeleke mama Muscat, Oman?

BintiNgambo:
Asalaam alaykum jamani. Mama yangu ana miaka 68, ana presha, tupo hapa Unguja. Dada yake yuko Muscat tangu miaka ya 80 na miguu haimruhusu tena kusafiri, kwa hiyo nataka nimpeleke mama wakaonane. Tikiti za Julai nimeziona rahisi mno, karibu nusu ya bei ya Disemba. Lakini mama si mtu wa kufungiwa ndani. Anataka jioni wakae barazani wapige soga, watembee kidogo pwani ya Mutrah. Kila ninayemuuliza ananambia "kule joto", basi. Joto la kiasi gani? Mbona hata sisi Februari tunachemka?

MkaaziSeeb:
Waalaykum salaam dada. Nakusihi hiyo ya Julai iache. Unguja ikifika nyuzi 33 tunalalamika. Hapa Juni na Julai ni 40 na zaidi, na usiku mara nyingi haishuki chini ya 30. Watu hudhani jangwa usiku hupoa. Huko ndani mchangani, ndiyo. Muscat imebanwa kati ya bahari na milima ya mawe: mawe yanashika joto kutwa, bahari inaleta fukuto, ukifungua mlango jioni miwani inaingia ukungu. Kazi za juani zinapigwa marufuku kisheria kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, Juni mpaka Agosti. Mama atatoka kwenye kiyoyozi cha nyumba aingie cha gari. Hiyo baraza hataikalia.

MuuguziPemba:
Kama dawa yake ya presha ni ile ya kumpeleka haja ndogo mara kwa mara, joto hilo litamkausha maji upesi, na wazee wengi hawasikii kiu. Mwende kwa daktari wake kabla ya safari. Msipunguze dozi wenyewe.

Kusini_Dhofar:
Mie Julai naitetea, ila si Muscat. Njooni Salalah, huku Dhofar, kusini mwa Oman. Khareef, msimu wetu wa manyunyu, huanza mwishoni mwa Juni hadi Septemba: manyunyu, ukungu, milima kijani, nyuzi 25 hivi. Madafu na ndizi zinauzwa barabarani, mama ataona kama yuko Donge.

MzeeWaTanga:
Na upepo ni ule ule wetu, kusi. Unaotupa kipupwe sisi ndio unaoibua maji ya baridi pwani ya Dhofar. Hewa inapoa, inakuwa ukungu, inagota milimani. Muscat iko mbali kaskazini, haipati ukungu huo. Kaskazi ikianza kwetu ndipo kule kunapoa. Kaskazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwaleta wenye majahazi.

MkaaziSeeb:
Salalah ni nzuri, sikatai, lakini ni kilomita 1,000 kutoka hapa, na mwenye miguu mibovu ni huyo mwenyeji. Njooni kati ya mwisho wa Novemba na mwanzo wa Machi. Januari mchana ni 25, usiku 17 hivi, achukue sweta. Mvua ni chache, kama milimita 100 mwaka mzima, ila nyingi huja miezi hiyo na huja kwa mkupuo. Mkisikia imenyesha milimani, msivuke wadi, yaani bonde la mto mkavu, hata maji yakiwa ya vifundoni. Aprili 2024 mafuriko yalichukua roho za watu, na watoto wa skuli wamo. Kumbuka pia mwaka 2027 Ramadhani inaangukia Februari; mchana mikahawa mingi hufungwa.

BintiNgambo:
Ahsanteni sana, Julai nimeiacha. Nimemsomea mama majibu yote. Aliposikia Februari ni Ramadhani akasema basi ndiyo hiyo hiyo, hajafuturu na dadaye tangu walipoagana. Tutafika wiki moja kabla ya mwezi kuandama. Daktari nitamuuliza habari ya dawa na ya kufunga pia. Sweta ameshaanza kuitafuta kabatini.