Halkyn Mountain, Wales: naweza kwenda na watoto wadogo?

MamaWatatu: Habari zenu jamani. Tumehamia Chester juzijuzi na Jumamosi nataka kuwapeleka watoto Halkyn. Jirani kanitia hofu, anasema mlima mzima umejaa mashimo ya migodi ya zamani. Kitinda mimba wangu ana miaka 5 na hashikiki. Halafu vile vijumba vya mawe vya mviringo, visivyo na mlango, ni vya nini?

DerevaKokoto: Dada, nendeni tu. Mimi huwa napakia kokoto kwenye machimbo ya huko juu, mlima naujua. Hivyo unavyoviona ni vifuniko vya mashimo ya migodi. Mawe ya chokaa yamepangwa kama mzinga wa nyuki, na upenyo umeachwa popo wapite. Mtoto asipande. Ila kinachonitisha zaidi mimi ni sehemu iliyobonyea katikati ya nyasi bila uzio. Hapo zungukeni mbali.

Mkifika, tazameni vilima vidogo vya kifusi vilivyojipanga mstari. Ukiufuata mstari huo kwa macho, unafuata mshipa wa madini ya risasi (lead) ulivyopita chini. Warumi walishachimba huku. Mvua ikiwakatisha safari, nendeni Makumbusho ya Grosvenor hapo hapo Chester mkaone bonge lao la risasi la mwaka 74 BK.

Adui wa wachimbaji alikuwa maji. Mvua inapenya kwenye nyufa za chokaa na kujaa migodini. Ndipo mwaka 1897 wakaanza handaki la Milwr kutoka Bagillt, kando ya mto Dee, ili maji yatoke yenyewe. Lilikuja kufika kama kilomita 16. Mwaka 1917 likanyonya hadi maji ya kisima cha Mtakatifu Winefride kule Holywell, wanakokwenda mahujaji. Kikakauka kabisa! Ikabidi kiletewe maji ya kwingine. Kwetu Tanga ukikausha kisima cha ibada, utahama mji.

MamaWatatu: Asante sana kaka. Na udongo wenyewe una risasi bado? Huyu wangu kila kitu mdomoni.

BiZuhura_Flint: Kwenye vifusi ipo, mwanangu. Utavitambua: nyasi chache, na kiangazi vina maua madogo meupe yanayostahimili udongo wa hivyo. Picha pigeni, lakini msikae hapo kula. Tandikeni mkeka kwenye nyasi nzuri, na mikono ioshwe kabla ya sambusa. Chukueni majaketi hata kama Chester kuna jua, upepo wa pale hauna adabu. Anga likiwa safi mtaiona Liverpool ng'ambo ya maji.

DerevaKokoto: Na baba watoto aendeshe polepole. Kondoo wa kule hawana zizi, wanalala katikati ya barabara na honi hawaijali.