Naomba ushauri: riwaya ya upelelezi, Tanga ya mwaka 1983

Habari zenu ndugu zangu wapenzi wa riwaya. Naandika hadithi ya upelelezi inayotokea Tanga wakati wa msako wa wahujumu uchumi, enzi za Waziri Mkuu Sokoine. Kipindi kile kimenikaa moyoni: sabuni na sukari ni za kupanga foleni, magendo yanapita Horohoro, mpakani na Kenya, halafu ghafla watu wanatupa mali vichakani na baharini usiku wasikamatwe nayo. Katika hadithi yangu, asubuhi moja wavuvi wanaopoa marobota ya vitenge, na kati yake maiti ya karani wa duka la ushirika.

Nimeisoma sheria ya 1983: washtakiwa walipelekwa mbele ya mahakama maalumu, bila dhamana, bila wakili, bila rufaa. Nimepekua magazeti ya zamani maktaba na kuzungumza na wazee. Magazeti yanataja bidhaa zilizokamatwa, lakini kazi ya askari mmoja mmoja haionekani, na wazee wenyewe wanapingana.

Nimekwama hapa. Kesi ya mauaji ikigongana na ya uhujumu, jalada lilibaki kwa mpelelezi wa kawaida wa mkoa, au kikosi cha msako kilichukua yote? Aliyekuwa kazini wakati ule anisaidie tafadhali.

Pili, familia zilizoguswa bado zipo mjini. Nibakize jina la Tanga na kubuni mitaa tu, au nibuni mji mzima? Naogopa kuwaumiza watu, ila bila Tanga hadithi inapoteza chumvi.

Natanguliza shukrani.