Tupeane uzoefu: kiangazi hiki unamwagiliaje bustani na vyungu vyako hapa Mwanza?

Wakuu kwema? Julai ndio hii, masika yameisha toka Mei na vuli mpaka Oktoba huko, ziwa tunaliona dirishani lakini maua yamejikunja. Ushauri mwingi unaotembea ni ule ule, mwagilia asubuhi na jioni, basi. Udongo wa Igoma na wa Kayenze haufanani jamani, kila mtu aseme kwake anafanyaje. Naanza mimi.

Nakaa mlimani Mabatini, nyumba iko katikati ya mawe, maji ya bomba ni kwa zamu na kila ndoo inapandishwa kwa miguu. Huku vyungu havikaushwi na jua la mchana tu, mawe nayo yanakausha. Yanakunywa joto kutwa nzima, usiku ndio yanalitoa, saa mbili usiku ukigusa jiwe bado la moto, kwahiyo chungu ulichokiegemeza pale hakipumziki kabisa. Vyangu vipo upande wa mashariki wa jiwe kubwa ila havijaligusa, vinapata jua la asubuhi, mchana jiwe lenyewe linavipa kivuli, na nimevibananisha vikingiane upepo. Namwaga alfajiri, taratibu, mpaka maji yatokee tundu la chini. Kunyunyiza juu juu kila saa sikushauri, mizizi inabaki huko huko juu na jua likichoma inaanza kufa yenyewe. Halafu angalia udongo, usiangalie majani! Chomeka kidole, kukiwa na unyevu chini acha, majani mengi yanalala mchana na jioni yanainuka bila hata tone.

MamaBustani_Buhongwa:
Asante kwa uzi dada. Kwangu ni kichanga kitupu, maji yanapita kama kwenye chujio. Matuta ya kuinuka nimeachana nayo kiangazi, nachimba vitalu vilivyozama kidogo ili maji yasikimbie, nachanganya samadi iliyooza vizuri, juu natandaza pumba za mpunga, na huku pumba zipo za kutosha kwenye mashine za kukoboa. Chini ya pumba udongo unakaa na ubaridi mpaka kesho yake. Ila msizisogeze zikagusa shina la nyanya, linaoza.

kando_ya_ziwa:
Mimi nipo Kayenze, watu wanadhani sisi wa ufukweni hatuna shida ya maji. Bustani ipo nje ya zile mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ambazo sheria ya mazingira ya 2004 inazilinda, kwahiyo ni ndoo na madumu kila siku, na ziwani siingii bila mabuti maana kichocho huku kipo kweli, wadogo zangu nawakataza kabisa kuingia peku kuchota. Matandazo yangu ni magugumaji, nayachukua kabla hayajatoa maua, nayaanika yakauke kabisa ndio natandaza kwenye bamia na chainizi. Kwenye nyanya nimefukia vyungu vya udongo visivyopakwa rangi, shingo inabaki nje, najaza maji nafunika, yanajipenyeza yenyewe polepole na mizizi inayafuata. Kazi ya ndoo imepungua sana.

Kijana wa Nyegezi:
wakuu naomba msaada, chungu changu cha waridi nikimwaga maji yanatoka chini hapo hapo lakini ua linanyauka tu, tatizo nini

MamaBustani_Buhongwa:
Mwanangu huo udongo umekauka mpaka umejikunja ukaachana na ukuta wa chungu, maji yanateremkia pembeni mizizi haipati kitu. Weka chungu chote kwenye beseni la maji, kama nusu saa hivi, mpaka juu kuwe na unyevu, kisha kitoe kichuje, usikiache humo.

Fundi_Igoma:
Naongezea maji ya kutumia tena. Ya kuoshea mchele na mboga namwaga bila wasiwasi. Ya kufulia nachukua ya suuza ya mwisho tu, na kama kulikuwa na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe sichukui kabisa, na mchicha siumwagilii hayo, nayapeleka kwenye mpapai na bogenvilia. Ukiona utando mweupe juu ya udongo wa chungu ni chumvi imejikusanya, kitoe chungu nje mvua za kwanza zikianza ziioshe yote.

Bado hatujasikia wa Sengerema na Ukerewe, na mwenye kitalu cha miche atuambie anaifunika na nini mchana.