Acheni kusema haki za mtuhumiwa ndo zimewaokoa mabosi wa Anglo Irish Bank

Wakuu, nimechoka. Kila ikitajwa Anglo, ile benki ya Ayalandi iliyoanguka na kubebwa na kodi zetu, kwenye magrupu ya wabongo tulioko huku Ayalandi lazima atokee mtu aseme eti wale mabosi walipona kwa sababu ya haki za mtuhumiwa, eti bunge lingeachiwa liwahoji laivu kwenye TV wote wangenyea debe. Hapana jamani. Mnamlaumu asiyehusika.

Mimi nakatwa USC kwenye mshahara kama nyie, kodi iliyoletwa 2011 nchi ikiwa hoi baada ya kubebeshwa madeni ya mabenki. Euro bilioni 64 zilimwagwa humo, karibu 30 zikamezwa na Anglo peke yake, kwa hiyo msinifundishe hasira.

Ila angalieni kilichotokea. Septemba 2008 serikali inayadhamini mabenki usiku kwa usiku, halafu kamati ya bunge ya kuchunguza, ile ya Ciarán Lynch, inaundwa Novemba 2014! Miaka sita! Kesi za jinai zishafika mahakamani, sasa mlitegemea nini? Wabunge wakawa wanauliza maswali huku wamefungwa mdomo nusu, Sean FitzPatrick aliyekuwa mwenyekiti wa Anglo hakuitwa kabisa, David Drumm, bosi mtendaji wake aliyekuwa kajichimbia Boston, akajitolea kuongea kwa video kamati ikakataa, na DPP, mwendesha mashtaka mkuu wa serikali, naye anaonya msije mkaharibu kesi. DPP alikuwa sahihi kabisa. Kesi kama hizi huku zinaamuliwa na raia wa kawaida wanaochukuliwa mtaani, ukishawalisha miezi ya mbunge anayetafuta kura kwa kumfokea mtu kwenye TV, wakili wa utetezi anaamka asubuhi anaomba kesi itupwe na anaweza akakubaliwa. Wananchi wenyewe Oktoba 2011 waliulizwa kwa kura ya maoni kama bunge liongezewe nguvu za uchunguzi, zaidi ya nusu wakakataa, na mimi naona walifanya la maana.

Kinachoniuma mpaka leo ni kesi ya FitzPatrick. Huyu alijiuzulu uenyekiti Desemba 2008 baada ya kujulikana kwamba mikopo aliyochukua Anglo ilikuwa inahamishiwa Irish Nationwide, taasisi nyingine ya mikopo, kila hesabu zinapokaribia kufungwa, zikishafungwa inarudi, ili isionekane kwenye vitabu. Akashtakiwa kwamba aliwapotosha wakaguzi wa hesabu. Kesi ikaenda siku 126, Mei 2017 jaji akaamuru aachiwe. Bunge halikuhusika na hilo, TV haikuhusika. Ni wapelelezi wa ODCE, ofisi ya serikali ya kubana makampuni, waliowafundisha mashahidi cha kusema, maelezo ya mashahidi yakapitia mikononi mwa mawakili, halafu mpelelezi mmoja akachana nyaraka kwa mashine. Nyaraka za kesi! Jaji angefanya nini? Ningekuwa mimi ningeamua vilevile huku roho inaniuma.

Sasa linganisheni na Drumm. Karudishwa kutoka Marekani Machi 2016, mahakamani watu wakasikilizishwa simu zilizorekodiwa ndani ya benki, watu wakaonyeshwa hatua kwa hatua jinsi euro bilioni 7.2 zilivyotoka Anglo 2008 zikapita Irish Life & Permanent, kampuni nyingine ya fedha, zikarudi Anglo zikiitwa amana za wateja, pesa ile ile inazungushwa tu ili benki ionekane bado inaaminika. Juni 2018 akala miaka 6. Haki zake zote alipewa, wakili alikuwa naye, na hakuna mbunge aliyemfokea. Kumbe inawezekana!

ODCE imekuja kuvunjwa na kuwekwa mamlaka mpya Julai 2022, miaka mitano baada ya aibu ile, mitano! Mnaotaka kupiga kelele pigeni hapo: hao wapya wana wahasibu wa kutosha wanaojua kupeleleza, au wamebadilisha kibao tu mlangoni? Mwenye namba ya mbunge wake amuulize hilo, aache kudai kamati nyingine ya kwenye TV.