Naomba ushauri: dawa ya zege niliyopika kwenye maikrowevu

Likombo: Wakuu, shikamooni. Nipo Mtwara mjini. Natengeneza dawa ya kulainisha zege ili fundi apunguze maji: wanga wa muhogo, maji na asidi ya sitiriki, ile ya kutengenezea juisi. Napika kwenye maikrowevu, dakika chache tayari. Zege linakuwa laini kweli, ila linachelewa kushika. Nifanyeje?

Fundi Mikindani: Marahaba. Sisi tumemwaga zege kwa koleo na ndoo, bila dawa, na nyumba zimesimama. Vijana mnapenda mkato.

Mama Tandahimba: Maikrowevu hiyohiyo ya kupashia wali? Wifi anajua? Mjomba wangu alichemsha mafuta ya maganda ya korosho jikoni, mikono ikababuka, mke akarudi kwao Newala.

Kokoto: Mkuu, wanga ukipikwa na asidi unakatika, mwingine unageuka sukari. Sukari gramu 50 tu kwa mfuko wa kilo 50 inachelewesha saruji. Asidi ya sitiriki nayo ndiyo tabia yake. Zege lenyewe umemwaga wapi?

Likombo: Tuseme ni la majaribio.

Kokoto: Tuseme?

Likombo: Slabu ya mteja, Naliendele. Lakini nilijaribu kwanza kwenye kikombe, likashika! Na fundi alilisifu. Sasa mwenye nyumba anataka mirunda itoke Jumamosi.

Kokoto: Mirunda isiguswe! Funika, mwagilia, mwite mhandisi alipime. Likiwa limechelewa tu, linaweza kupata nguvu baadaye. Kama dawa ilizidi, huenda lisipate kabisa.

Kaskazi: Hii chai. ID mpya, halafu kimaikrowevu cha nyumbani kitoshe slabu nzima?

Kokoto: Hesabu inakubali. Dawa ikiwa nusu asilimia ya saruji ni gramu 250 kwa mfuko; mifuko 40, kilo 10. Bakuli kwa bakuli, anamaliza.

Kaskazi: Basi aweke picha.

Mama Tandahimba: Picha ya bakuli? Wewe si ndiye uliyetuletea jini la Msimbati linalodai kodi? Tulikuomba picha?

Fundi Mikindani: Lile jini mimi nalijua.

Likombo: Nyumba ya mtu siwezi kuianika humu. Mirunda nitamwomba asubiri. Ila keshokutwa tunamwaga linta na dawa ipo kwenye dumu, imeshapikwa. Nikiizimua kwa maji itafaa?

Kaskazi: Sasa nimeamini. Hii haijatungwa.